Kuseti GPS ya mteremko kwenye plau ya kuzika mabomba ya kutoa maji shambani: maswali ninayoulizwa sana huku Mwanza

Mvua zikikatika tu, kuanzia mwezi wa sita hivi, simu yangu haipoi. Mashamba mengi ya ukanda wa ziwa, Magu, Misungwi, Sengerema mpaka Ukerewe, maji yanatuama kwenye mizizi wiki na wiki na mtu anapoteza nyanya, vitunguu, mahindi au miwa wakati mvua yenyewe ilikuwa nzuri. Kazi yangu ni kufunga na kuseti GPS kwenye plau inayozika mabomba, na maswali ninayopata ni yaleyale, kwahiyo nimeyakusanya hapa na kuyajibu kama ninavyomjibu mtu tukiwa tumesimama shambani.

Fundi, hii plau ya mabomba ni kitu gani hasa, na GPS inaingilia wapi?

Ni plau isiyopindua udongo. Ina kisu kirefu kinachozama chini kama mita moja, na nyuma ya kisu kuna kiatu cha chuma chenye uwazi ndani. Bomba la plastiki lenye mikunjo na matundu madogo, mara nyingi la inchi 4, linatoka kwenye rola yake iliyoviringwa, linapita juu ya plau, linashuka ndani ya kiatu na kulala chini kabisa, udongo unajifunga wenyewe juu yake, trekta likishapita unaona tuta jembamba tu kama njia ya fuko. Maji yaliyotuama kwenye mizizi yanaingia kwenye matundu na kufuata mteremko mpaka mtaroni.

GPS hapo ina kazi moja, kupandisha na kushusha kiatu. Juu ya shamba hapako sawa, kuna matuta ya zamani, kuna njia za ng'ombe, kuna shimo la kichuguu kilichobomolewa, na trekta linapanda na kushuka humo. Bila kitu cha kuongoza kiatu, bomba nalo lingepanda na kushuka vilevile, na likibonyea sehemu moja tope linajikusanya hapo, mwaka wa pili limeziba na wewe juu huoni kitu ila mazao yanageuka njano.

Simu yangu ina GPS nzuri tu, si inatosha?

Hapana kaka, hapo utazika hela. Simu inakosea mita 3 mpaka 5, na kwenye mwinuko inakosea zaidi ya hapo. Plau inataka RTK, yaani vipokezi viwili, kimoja kimesimama palepale siku nzima, tunakiita besi, kingine kiko juu ya plau, hicho ni rova. Besi inajua mahali pake na haisogei, kwahiyo kila kosa inaloliona kwenye ishara za satelaiti inaitumia rova muda huohuo na rova inalitoa kwenye hesabu zake. Ukipata hiyo tunasema iko fiksi, na unapata usahihi wa sentimita 1 au 2 kwa upande, na sentimita 2 au 3 kwa kwenda juu. Ikiandika floti, yaani haijashika usahihi huo, simamisha trekta, usijidanganye kwamba itarudi yenyewe mbele ya safari.

Hiyo ya kwenda juu ndo ishike vizuri. Mteremko mdogo kabisa tunaokubali kwa bomba la inchi 4 ni asilimia 0.1, maana yake sentimita 10 kwa mita 100. Ndani ya mita 10 bomba linashuka sentimita 1 tu! Sasa GPS ikiruka sentimita 3 ghafla umeshaugeuza mteremko, maji yanasimama. Ndo maana hata yale masahihisho yanayoshuka moja kwa moja kutoka satelaiti bila besi, ambayo watu wanayatumia kunyooshea mistari ya kupanda na yanafaa kabisa kwa hiyo kazi, kwenye bomba siyataki, mwinuko wake unatambaa polepole saa kwa saa na wewe hujui.

Kwa nini nisitumie leza kama wajenzi wa barabara?

Tumia kama unayo, sio mbaya, mabomba mengi duniani yalizikwa kwa leza miaka mingi kabla GPS haijafikia usahihi huu, na kwa umbali mfupi leza inaishinda GPS kwenye mwinuko. Shida ni kwamba leza inakupa uso mmoja wenye mteremko mmoja, ukitaka kubadilisha mteremko katikati ya mstari ni kazi nyingine, na umbali wake una mwisho, inabidi uhame nayo. Huku kwetu ongeza upepo wa ziwa wa mchana unaotingisha stendi, na mvuke wa joto unaochezesha mwanga juu ya ardhi kuanzia saa tano. GPS haijali hayo, na pia inakuwekea kumbukumbu ya kila mstari ulikopita.

Nimepata seti ya mtumba kutoka Marekani, bei nzuri. Ninunue?

Kabla hujatuma hela uliza mambo mawili. La kwanza ni redio. Seti nyingi za kilimo za kule zinatumia redio ya megahezi 900, na kule masafa hayo ni ya wazi kwa kila mtu, lakini huku kwetu masafa ya 900 yana kazi ya mitandao ya simu. Ukiwasha hiyo redio unaingilia simu za watu na unavunja sheria. Tafuta yenye redio ya UHF ya karibu megahezi 450 ukaombe kibali TCRA, mamlaka ya mawasiliano, au masahihisho yapite kwenye intaneti, besi na laini yake, rova na laini yake. Mimi sehemu nyingi natumia intaneti kwa sababu bando linalohitajika ni dogo sana, ila kuna mabonde nyuma ya milima ya mawe simu inaonyesha mstari mmoja halafu inapotea, huko bila redio hufanyi kazi.

La pili, uliza kama RTK imefunguliwa ndani ya kipokezi. Vipokezi vingi vinauzwa na uwezo uliofungwa, unalipia namba ya kufungulia, na namba hiyo wakati mwingine bei yake inazidi hata kifaa. Muuzaji akuwashie akuonyeshe video ikiwa fiksi, na skrini yenyewe iwe na programu ya mabomba, sio ya kupandia mbegu peke yake. Hakikisha pia kinasoma satelaiti za pande zote, GPS ya Marekani, GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China. Kinachosoma GPS peke yake kitakusumbua sana.

Besi niiweke wapi?

Mahali peupe pa juu, panapoona mbingu pande zote, mbali na mabati, mbali na magari, na huku Mwanza niongeze, mbali na majabali. Yale mawe yetu makubwa yanayosimama moja juu ya jingine yanapendeza kwenye picha lakini yanaziba satelaiti za upande mmoja, na maji tulivu ya ziwa au paa la bati yanarudisha ishara kama kioo, rova inapokea ishara mbili za satelaiti ileile, moja ya kweli moja iliyogonga bati kwanza. Ukiseti, iambie isihesabu satelaiti zilizo chini ya nyuzi 10 kutoka upeo wa macho, hizo za chini chini ndo zenye uchafu mwingi. Umbali wa besi na plau usizidi kilomita 10, kila kilomita inaongeza kama milimita moja ya kosa, na mimi kwa sababu ya mwinuko napenda iwe ndani ya shamba lenyewe au shamba la jirani.

Chimba kigingi cha zege chenye msumari katikati, usitegemee mti wala alama ya chaki. Siku ya kwanza besi inaweza kujitafutia mahali yenyewe, hapo inakosea hata mita moja au mbili na sio tatizo, kwa sababu bomba linajali tofauti ndani ya shamba lako tu. Tatizo ni kesho ukiiambia ijitafutie tena, itapata jibu lingine. Zihifadhi namba za siku ya kwanza, kila asubuhi uzirudishe zilezile. Na kama mpimaji wa ardhi amekupa namba za jiwe la mpaka, muulize ni za mfumo gani, ramani zetu za zamani ziko kwenye Arc 1960 na GPS iko kwenye WGS84, ukizichanganya ramani inaruka karibu mita 300.

Hapa niseme kosa langu mwenyewe maana liliniuma. Shamba moja la upande wa Magu, siku ya kwanza nilizika bomba kuu, lile linalopokea maji ya mabomba ya pembeni, vizuri tu, antena ya besi nilipima kutoka kwenye msumari ikawa mita 1.52. Jioni nikakunja stendi. Asubuhi nikaisimamisha juu ya msumari uleule lakini miguu ya stendi nikaifungua kidogo kuliko jana, antena ikawa mita 1.41, na kwenye skrini nikaacha 1.52 ya jana. Mashine ikaamini kila kitu kiko juu kwa sentimita 11, kwahiyo ikashusha kiatu sentimita 11 kufidia. Nilizika mistari miwili ya mita 180 ikiwa fiksi mwanzo mwisho, skrini ya kijani, roho safi. Tulipochimba kuunganisha na bomba kuu ndo tukakuta mabomba ya pembeni yamefika chini ya bomba kuu. Mama mwenye shamba alisimama pale juu ya shimo akaangalia, akaniuliza taratibu, "Sasa baba, maji yatapanda ngazi?" Sikuwa na jibu. Tulifukua yote kwa kijiko, ile mashine ya kuchimbia, na majembe siku mbili, gharama yangu. Toka siku ile besi yangu nimeitengenezea bomba la chuma la urefu mmoja usiobadilika, hamna cha kufungua miguu wala kupima upya.

Antena ya kwenye plau nipime kutoka wapi mpaka wapi?

Kama una muda wa kusoma jibu moja tu, soma hili. GPS haioni bomba, inaona antena iliyo juu ya mlingoti. Kutoka antena kwenda chini kwenye kiatu ni namba uliyoandika wewe kwa mkono wako, mashine inakuamini kabisa.

Tafuta sakafu ya zege iliyo sawa, kituo cha mafuta au godauni la pamba vinafaa, omba ruhusa. Shusha plau mpaka kiatu kilale chote, weka pima maji juu ya kiatu kwa urefu na kwa upana, mlingoti nao uusimamishe kwa pima maji. Sasa pima kwa tepu ya chuma, sio ile ya mshonaji inayovutika, kutoka chini ya kiatu mpaka kitako cha antena. Pima wewe, halafu mwingine apime bila kumwambia umepata ngapi. Mkitofautiana zaidi ya milimita 5 rudieni. Kisha kumbuka bomba halilali kwenye sakafu, linalala juu ya chuma cha kiatu, kikiwa na unene wa milimita 12 basi tako la bomba liko milimita 12 juu, hiyo ni muhimu ukija kuunganisha na bomba kuu au kalavati.

Jambo lingine, antena iwe wima juu ya sehemu bomba linapotokea kwenye kiatu. Nimekuta mtu ameifunga sentimita 60 mbele kwa sababu hapo palikuwa na tundu la bolti tayari. Plau ikiinama nyuzi 3 tu, hizo sentimita 60 zinakupa kosa la sentimita 3 kwenye mwinuko, na plau inainama kila ikikutana na udongo mgumu. Kama umbo la plau linakulazimisha kuiweka pengine, basi lazima uwe na kihisi cha kuinama na uandike kwenye skrini antena iko mbele kwa kiasi gani.

Bolti za mlingoti kila ukishazikaza piga mstari wa rangi nyeupe kutoka kwenye nati mpaka kwenye chuma. Nati ikilegea, mstari unakatika, na unauona ukiwa umesimama tu bila spana. Mtikisiko wa kisu kwenye udongo mkavu unalegeza kila kitu.

Plau inacheza juu chini haitulii. GPS mbovu?

Mara nyingi sio GPS, ni valvu, ile inayopitisha mafuta ya haidroliki ya kupandisha na kushusha plau. Kwanza hakikisha valvu ya umeme inaendana na trekta lako, yako matrekta ambayo pampu inazungusha mafuta muda wote na yako yanayoshikilia presha, na valvu zake ni tofauti, ukikosea mafuta yanachemka au valvu haijibu. Pili usiseti mafuta yakiwa baridi, endesha injini dakika 15 au 20 ukipandisha na kushusha plau, ndo uanze.

Halafu fanya zoezi la valvu kama skrini inavyoelekeza, itatafuta ni umeme kiasi gani plau inaanza tu kusogea kwenda juu, na kiasi gani kwenda chini. Havifanani, kushuka kunasaidiwa na uzito. Ukimaliza kuna ile namba ya ukali wa kujibu. Ikiwa kubwa mno plau inatetemeka kama mtu mwenye homa, inapita lengo inarudi inapita tena. Ikiwa ndogo inachelewa, trekta likipanda tuta bomba linapanda nalo kwanza halafu ndo linarudi. Mimi naanza chini, naongeza kidogo kidogo mpaka ianze kutetemeka, narudi hatua moja nyuma. Usikilize pia, valvu inayogonga tak-tak-tak bila kupumzika inakuambia ukali umezidi.

Mwendo nao, kilomita 2 mpaka 3 kwa saa zinatosha. Kwa kilomita 3 trekta linatembea kama sentimita 83 kwa sekunde, kipokezi kikisoma mara 10 kwa sekunde unapata kipimo kila sentimita 8. Ukienda mara mbili ya hapo haidroliki haiwahi.

Mteremko napangaje? Shamba langu la ufukweni ni tambarare kama meza.

Kwanza unapita na trekta au pikipiki yenye rova juu ya kila mstari bila kuzika kitu, skrini inarekodi mwinuko wa juu ya ardhi. Ukiwa kwenye trekta, plau iwe imenyanyuliwa usawa uleule muda wote. Baada ya hapo unaipa masharti, kina kisipungue sentimita ngapi, kisizidi ngapi, mteremko usipungue ngapi, nayo inachora mstari wa bomba. Usikubali mchoro kwa sababu umechorwa na kompyuta, uangalie kwa macho.

Chukua mfano wa shamba la tambarare kabisa, mstari wa mita 300. Mdomo wa bomba, pale linapomwagia maji mtaroni, uko mita 1.20 chini ya ardhi, mteremko asilimia 0.1, bomba linapanda sentimita 30 mpaka mwisho, kwahiyo mwisho wa mstari utakuwa na kina cha sentimita 90. Inawezekana. Ukirefusha mpaka mita 600 mwisho utabaki na sentimita 60, jembe la ng'ombe halitalifikia lakini trekta la kuchimbua chini litalikata, hapo vunja mstari mara mbili au ongeza mtaro wa kati. Umbali kati ya mstari na mstari, udongo mzito wa mfinyanzi mita 8 mpaka 15, wa mchanga unaweza kwenda 20 na zaidi.

Siku zote anzia mdomoni, chini, uelekee juu. Unachimba shimo la kuanzia kwa kijiko au kwa mikono, unashusha kiatu mpaka mwinuko wa mdomo, ndo unawasha otomatiki. Ukianzia juu, maji yoyote utakayokutana nayo yanakufuata kwenye kiatu na bomba linaelea kabla udongo haujalibana.

Ziwa likipanda je?

Hili swali wenzetu wa mbali na ziwa hawaliulizi, sisi tunalo. Mwaka 2020 ziwa lilipanda mpaka likaingia kwenye mashamba na nyumba za ufukweni, na 2024 likapanda tena sana. Mdomo wa bomba ukizama maji hayatoki, na yakizidi yanarudi shambani kupitia bomba hilohilo ulilolipia. Kwahiyo usipime usawa wa maji ya leo ya kiangazi, uliza wazee na wavuvi alama ya juu kabisa maji yalipofika, wanaijua, mara nyingi ni mti au jiwe fulani. Pima jiwe hilo kwa rova, mdomo wako ukae juu yake. Kama ardhi hairuhusu, basi mabomba yaishie kwenye kisima cha zege na pampu inyanyue maji, gharama inaongezeka lakini afadhali uijue kabla.

Udongo wa mbuga unafaa? Na lini nizike?

Mbuga nyeusi inafaa ila ina masharti. Ikiwa mbichi kiatu kinapaka udongo ukutani kama fundi anayepiga plasta, matundu yanazibwa na maji hayaingii. Ikikauka sana inapasuka, kisu kinang'oa mabonge makubwa yanayoacha mapango juu ya bomba, na trekta linakata pumzi. Muda mzuri ni wiki chache baada ya mvua kukata, finyanga udongo wa chini, ukivunjika badala ya kujiviringa kama ugali uko tayari. Luseni, ule mchanga wa juu, ni rahisi kuchana lakini bomba lake lazima livalishwe soksi ya kitambaa, mchanga laini unaingia kwenye matundu. Itogolo, ile ngumu kama simenti, usikimbilie bomba, maji yenyewe hayashuki mpaka kulifikia bomba, kwanza shughulikia hilo gamba.

Mpunga kwenye majaluba sizungumzii hapa, yule anataka maji yakae. Bomba ni la mboga, mahindi, miwa, matunda.

Mawe?

Tembea kila mstari na mtaimbo, choma chini kila mita tano. Usicheke, tuko Mwanza. Kisu kikigonga jiwe kwenye mita moja kinaruka, bomba linapanda ghafla, na GPS haina namna ya kulishusha tena chini ya jiwe. Kinaweza kukunja kiatu pia. Wakati huohuo waulize majirani na mamlaka ya maji kama kuna bomba la maji limepita, na karibu na barabara uliza nyaya za mawasiliano.

Trekta langu lina HP 75, litavuta?

Kwa mita moja ya kina kwenye udongo mzito, hapana. Plau hizi zinataka trekta la HP 200 na kuendelea, au katapila. Usife moyo lakini. Kodi kijiko, chimba mfereji, na rova iweke kwenye fimbo, kila mita tano unashusha fimbo chini ya mfereji unasoma umezidi au umepungua sentimita ngapi. Ni polepole lakini hesabu ni ileile na bomba ni lilelile.

Mbona jioni inapoteza fiksi kila siku?

Tuko karibu na ikweta. Tabaka la juu la anga linalochajiwa na jua, jua likizama linavurugika, na ishara za satelaiti zikipita humo zinatetemeka. Kuanzia saa moja jioni mpaka karibu saa sita usiku ndo kubaya, na zaidi miezi ya tatu na ya tisa, na miaka ambayo jua lina madoa mengi kama 2024 na 2025. Kifaa hakina kosa. Panga kuzika asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni, mstari mrefu usiuanze saa kumi na moja ukitegemea kumalizia na taa.

Nitajuaje bomba limelala sawa kweli?

Kwa mpira wa maji, ule mwembamba unaoonyesha ndani ambao mafundi ujenzi wanasawazishia msingi. Ukishazika mita 20 za kwanza simamisha trekta, chimba mashimo mawili mpaka juu ya bomba, moja mwanzo moja mwisho. Simamisha rula mbili juu ya mgongo wa bomba, shika mpira huku na huku, ondoa mapovu yote, subiri maji yatulie, msome wote kwa pamoja. Kwa mteremko wa asilimia 0.2 mita 20 zinatakiwa kutofautiana sentimita 4. Ukipata 4, au tatu na nusu, endelea. Ukipata 1 au ukipata 7 usiguse skrini kwanza, rudi kwenye tepu na mlingoti. Nafanya hivi kila shamba jipya, na vijana wangu wameshazoea kwamba siku ya kwanza mpira unatoka kwenye gari kabla ya chai.

Na kila asubuhi gusisha fimbo ya rova kwenye kigingi cha pili cha kuhakiki, sio kile cha besi, namba ikitofautiana na ya jana zaidi ya sentimita 2 hakuna kuzika mpaka ujue kwa nini.

Bomba nalo lina matunzo?

Lisilale juani. Joto linalilainisha, na likivutwa na plau likiwa laini linarefuka, matundu yanatanuka, nguvu inapungua. Lisirefuke zaidi ya asilimia 5. Rola zifunike kwa turubai, na kijana mmoja atembee kando akilisukuma liingie kwenye plau bila kuvutika.

Vibali?

Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto, kwahiyo mdomo na kisima chako vipange ukijua hilo, na kabla ya kumwaga maji kokote nenda Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, ofisi ziko hapahapa Mwanza. Jirani wa chini yako mwambie mapema, kwa mdomo wako mwenyewe, mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Maji yanayotoka kwako yanaenda kwake.

Mdomo wa bomba nautengenezaje?

Mita 3 au 4 za mwisho weka bomba gumu lisilo na matundu, mdomoni funga wavu wa nondo nyembamba panya na vyura wasiingie kujenga humo. Pale viboko wanapotoka usiku kula, zungushia mawe makubwa, mmoja akikanyaga kazi imekwisha. Na mtaro unaopokea ufyekwe, maji yaliyosimama na majani ndo nyumba ya konokono wa kichocho, vijana wanaosafisha wavae buti ndefu.

Kazi ikiisha nikudai nini, fundi?

Nidai ramani. Kila mstari ulirekodiwa ulikopita na kina chake, nitoe kwenye skrini, nikuwekee kwenye flashi na nichapishe karatasi kubwa, juu yake kigingi cha besi na namba zake, urefu wa antena siku ile, na kila kiungio kiko mita ngapi kutoka mtaroni. Mzee mmoja wa Misungwi yake ameiwekea plastiki anaitunza pamoja na hati ya shamba, na mwaka uliofuata mtoto wake alipotaka kuchimba msingi wa banda la ng'ombe waliifungua mezani, wakapima hatua kutoka kwenye kigingi, wakasogeza banda mita nne.